Kicheko Kilichotangulia

TANGAZO KWA UMMA. Chama cha Filamu za Kale za Sayansi kinawaalika wanafunzi wote, walimu wote, wapishi, walinzi wa lango, na kiumbe chochote kitakachokuwa kimetua jirani kutoka sayari yoyote, kuja kushuhudia kazi bora kabisa kuwahi kubuniwa na akili ya binadamu kuhusu mustakabali wake. Viti ni vichache. Asiyefika atajuta hadi uzeeni.

Tangazo hilo niliandika mimi, Katibu wa Chama, nikalibandika kwenye mlango wa bwalo. Kabla sijamaliza chai, mtu alikuwa ameongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: "Viti ni vingi kuliko watu." Nilikasirika, hasa kwa sababu ilikuwa kweli. Chama kilikuwa na wanachama wanne. Mmoja alijiunga kwa kuwa chumba chetu ndicho pekee shuleni chenye feni inayozunguka. Mwingine alidhani ni darasa la ziada la sayansi, na alipogundua kosa lake aliona haya kuondoka. Wa tatu alikuwa binamu yangu Volti, na wa nne ni huyu anayewasimulia, mtu mwaminifu, mnyenyekevu, asiye na doa.

Mlezi wetu alikuwa Mwalimu wa Kemia. Mjomba wake alikuwa na jumba la sinema enzi hizo, na jumba lilipogeuzwa duka la mabati na misumari, Mwalimu alifika na gari la kuazima akapakia mikebe yote ya mikanda kabla haijatupwa jalalani, pamoja na projekta yenyewe, ambayo ni nzito kama mbuzi aliyegoma. Mikebe ilikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na sinema za mapenzi zilizokatika katikati ya busu, kulikuwa na mafunzo ya ufugaji, na kulikuwa na hazina yenyewe, sinema za kale za safari za anga.

Niwaambie ukweli, zinafaa kutazamwa. Katika "Wakulima wa Zuhura", watu wanalima mahindi kwenye sayari nyingine wakiwa wamefunga tai ndani ya mavazi ya anga, na roketi inapopaa, ukikaza macho utaona uzi, na ukikaza zaidi utaona kidole cha aliyeshika uzi. Katika "Mashine Iliyoona Haya", roboti ni pipa lenye mipira ya kumwagilia bustani badala ya mikono. Linafundishwa kusema uongo, na kila likisema uongo linatoa machozi ya mafuta. Mara ya kwanza tulicheka hadi mwenzetu wa feni akaanguka na kiti. Mara ya pili tulicheka kidogo. Mara ya tatu pipa lilipolia, hakuna aliyecheka, na Mwalimu alikuwa akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Hawa hawakuwa na kompyuta," alituambia siku hiyo. "Walikuwa na pipa, taa na ukuta. Wakakaa wakajiuliza, je, kitu ambacho si mtu kinaweza kuwa na aibu? Nyinyi mna kila kitu mfukoni na hamjawahi kujiuliza."

"Mimi nimejiuliza," nilisema.

"Wewe ndiye uliyenifanya nijiulize," alijibu Mwalimu.

Sasa niwaeleze kuhusu Volti. Ni mtoto wa mjomba wangu, amenitangulia kidato kimoja, na jina lake alilipata alipogusa waya wa bweni, akarushwa chini, akainuka akimwamkia shikamoo mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Darasani walimu wakirudisha karatasi yake huwa wanapumua kwanza. Lakini mpeleke mbele ya projekta. Ananawa mikono kabla ya kugusa mkanda. Ana brashi ndogo ya kufutia lenzi na kipande cha fulana laini alichokifua hadi kikawa kama utando. Kazi hiyo hakupewa na mtu, ilimchagua yenyewe, na tangu hapo alianza kutembea kifua mbele kama watu wengine. Funguo ya chumba cha projekta aliivaa shingoni.

Tatizo letu lilikuwa magodoro. Shule ilikuwa ikitarajia magodoro mapya, na Mkuu wa Shule, mama mmoja mtulivu ambaye hajawahi kupaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji, alikuwa akitafuta chumba kikavu cha kuyaweka. Chumba chetu kilikuwa kikavu. Hata hivyo ni mtu wa haki. Alimwambia Mwalimu, "Nitakuja Jumamosi alasiri nitazame mwenyewe. Nikiona kuna faida, mtabaki. Nisipoona, magodoro yataingia."

Kwa siku hiyo kubwa Mwalimu alichagua "Kivuli Kilichotangulia". Ilikuwa na mikanda minne, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Mwalimu mwenyewe aliitazama akiwa mdogo mapajani kwa mjomba wake, na alichokumbuka ni woga tu, maana alifunikwa macho.

Jumamosi ikafika. Tulifunika madirisha ya ukumbi wa shule kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe ukutani, na watu wakaja, kwa kuwa habari kwamba Mkuu atakuwepo ilikuwa imeenea na kila mtu alitaka kuonekana akipenda sayansi. Volti akawasha mashine.

Hadithi ni hii. Katika kituo cha utafiti kwenye mwezi wa barafu, mbali kabisa na jua, wanakaa watu wanne: nahodha mwenye masharubu na kofia, nesi, mpishi, na fundi wa redio. Siku moja redio inapokea onyo kutoka duniani. Mmoja wao si mtu. Ni mgeni aliyejivika umbo la mtu, na anafanana naye kila kitu ila kimoja. Ukimmulika kwa taa kali, kivuli chake humtangulia. Kivuli huinua mkono kwanza, kisha yeye ndiye huinua. Basi wanaanza kuogopana. Nesi anakunywa chai akiwa ameupa ukuta mgongo. Fundi wa redio analala na tochi kifuani. Mpishi anahesabu visu vyake. Kwenye ukumbi wetu hata waliokuja kujionyesha waliacha kujionyesha. Mwisho wa mkanda wa tatu nahodha anasema kwa sauti nzito, "Wote simameni mbele ya ukuta. Nitawasha taa kubwa. Leo tutamjua." Anashika swichi.

Volti akabadilisha mkanda kwa haraka ya ajabu, mikono yake haikutetereka. Mkanda wa nne ukaanza.

Akatokea kuku.

Kuku mweupe, mnene, akatutazama kwa jicho moja. Sauti ya mwanamume mchangamfu ikasema: "Kuku wa mayai anahitaji banda lenye hewa safi na maji yasiyochafuka."

Kisha Mwalimu wa Hesabu, aliyekuwa kiti cha mbele, akapiga makofi peke yake. "Ajabu sana!" alisema. "Kumbe mgeni alikuwa kuku muda wote! Mnaona alivyofichwa?"

Hapo ukumbi ukavunjika. Watu walicheka hadi blanketi moja likaanguka dirishani. Mkuu wa Shule hakucheka. Aliinuka, akalainisha sketi yake, akamgeukia Mwalimu wa Kemia.

"Mwalimu, nimejifunza kuhusu maji ya kuku."

"Mkuu, mkanda umebadilishwa. Mkebe umeandikwa namba nne, lakini ndani..."

"Mkebe unatunzwa na nani?"

Volti akanyanyua mkono. Uso wake ulikuwa umepauka kama lile shuka.

"Nakupa hadi Jumamosi ijayo, kijana," Mkuu alisema. "Mkanda upatikane, na nijue ni nani aliyechezea chombo cha shule. Kama ni uzembe wako, funguo utairudisha. Na magodoro hayatakaa mvuani yakikusubiri."

Basi ikaundwa Kamati ya Uchunguzi. Mwenyekiti wake alihitajika kuwa mtu mwenye akili pevu, asiyependelea upande wowote. Nilijipendekeza mwenyewe, na mwenzetu wa feni akaniunga mkono kwa kuwa nilikuwa nimemkalia mguu.

Mnajua shule ya bweni ilivyo. Kitu kidogo kikiangukia ndani yake hakitoki, kinazunguka tu kikivimba. Kufikia Jumatatu hakuna aliyemwamini mwenzake. Mstarini asubuhi, jua likiwa mgongoni, watu walikuwa wakiinua mkono ghafla na kutazama chini kuona kama kivuli kimewahi. Katika foleni ya uji, mtu akikuna pua aliulizwa, "Umeanza wewe au kimeanza chenyewe?" Mwalimu wa Hesabu, ambaye sasa alijua kwamba alimsifia kuku, alikuwa akimtazama kila anayecheka kama anayemweka akiba. Yule aliyedhani chama ni darasa la ziada aliniambia kwa siri kwamba anamshuku mwenzetu wa feni, na mwenzetu wa feni akaniambia kwa siri hiyohiyo kwamba anamshuku yeye. Niliwashukuru wote wawili kwa uzalendo wao.

Nilianza na Mama Bweni, matroni wetu, maana chuki yake kwa sinema ilijulikana. Nilimkuta akikunja mashuka.

"Mama, Kamati ina maswali machache."

"Kamati imevua viatu? Nimetoka kupiga deki."

Nilivua. "Ni kweli au si kweli kwamba unaichukia sinema?"

"Ninachochukia ni shuka langu kutobolewa misumari. Tena jipya mlilichukua. Jipya!"

"Kwa hiyo unakiri kwamba una sababu ya kulipiza."

"Nakiri kwamba hujaoga. Hebu geuka. Na shingo? Toka hapa kabla sijakusugua mwenyewe."

Kamati iliona kwamba shahidi ana hasira lakini hana hatia.

Aliyefuata ni Kiranja Mkuu, tunayemwita Jenerali kwa sababu hata akiomba chumvi anaamrisha. Alikuwa amenyoosha suruali hadi ungeweza kukatia mkate. Jenerali hakungoja kuulizwa, yeye ndiye aliyeniuliza.

"Raia, chumba kile kina mlango mmoja?"

"Ndiyo."

"Dirisha lina nondo?"

"Ndiyo."

"Funguo iko moja, shingoni mwa Volti. Sasa unachunguza nini? Kesi imekwisha."

"Huenda kuna aliyeazima funguo," nilisema, kisha nikatamani ulimi wangu ungekuwa na mlango wa nondo.

Jenerali alinyoosha shingo. "Nani aliazima?"

Jioni hiyo, bwaloni, mbele ya watu waliojifanya wanakula, alimuuliza Volti swali hilohilo. Volti aliweka kijiko chini.

"Ijumaa mchana nilimpa Katibu, akafagie chumba kabla ya onyesho," alisema. "Kwani kuna nini?"

Macho yote yalinigeukia. Kamati, kwa niaba yake yenyewe, ilijihoji papo hapo na kuona kwamba Katibu alifagia vizuri sana, hadi pembeni. Lakini Jenerali alikuwa amekwisha inuka.

"Basi wako wawili. Wewe au huyu."

"Huyu ni binamu yangu," Volti alisema, wala hakupaza sauti. "Mimi na huyu tumelala kitanda kimoja tangu hatujaota meno ya pili. Anatania, ndiyo. Aliwahi kumtilia Mwalimu wa Hesabu chaki kwenye kikombe. Lakini anajua ile mashine ni nini kwangu. Hawezi. Mtafute mwingine."

Akaendelea kula. Mimi sikuendelea. Maharagwe yalikuwa yamepoa, hiyo ndiyo sababu niliyowapa waliouliza.

Wakati huohuo shule yote ilikuwa ikibishana: mgeni ni nani? Bila mkanda wa nne hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mtu alijua. Jenerali alishikilia ni nesi, kwa sababu nesi alikuwa mwema mno. Mwalimu wa Hesabu sasa alisema ni fundi wa redio, na alikuwa na mahesabu. Mimi niliwatangazia wote, kwa uhakika na kwa sauti, kwamba ni mpishi. Nilitoa hotuba juu ya benchi. Nilieleza visu, nilieleza macho yake, nilieleza supu ambayo yeye mwenyewe hakuinywa. Nusu ya bweni ilinifuata.

"Ni nahodha," Volti alisema. Alikuwa amekaa kitandani akifuta brashi yake, ingawa haikuwa na kitu.

"Nahodha? Aliyeagiza watu wamulikwe? Kaka, tumia akili."

"Ndiyo maana. Anayeendesha msako hakuna anayemmulika."

Nilikohoa. Nilikunywa maji. Nilisema hiyo ni hoja dhaifu, kisha nikaenda kukagua kama viatu vyangu vimekauka, ingawa sikuwa nimevifua.

Siku zilivyokwenda mambo yakawa mabaya zaidi. Mkuu hakungoja Jumamosi. Alhamisi asubuhi alimwita Volti ofisini, na alipotoka shingo yake ilikuwa wazi. Funguo ilikuwa kwa Jenerali. Nilimfuata hadi chumba cha projekta. Pale mlangoni alimkabidhi Jenerali vitu vyake kimoja kimoja: brashi, kipande cha fulana, chupa ya mafuta ya mashine.

"Hii ni ya lenzi tu," alimwambia. "Usifutie kingine. Na usiguse mkanda kwa vidole vyenye mafuta. Ushike pembeni, hivi."

"Najua," alisema Jenerali, ambaye hakujua, na kwa mara ya kwanza nilimwona haamrishi.

Volti akaondoka akitembea kama zamani, mabega yakiwa yameingia ndani kama anayepita mlango mfupi.

Alasiri hiyohiyo, wanahistoria waandike, Kamati ilipata mafanikio makubwa. Baada ya upekuzi wa kina nyuma ya jukwaa, Mwenyekiti aliingiza mkono ndani ya ngoma kubwa ya bendi, ile iliyopasuka upande mmoja na ambayo haipigwi tena, akatoa mkanda wa nne wa "Kivuli Kilichotangulia" ukiwa mzima, umefungwa kwenye gazeti. Nilikimbia nao uwanjani nikiuinua juu kama kombe. Watu walinibeba. Mwalimu wa Kemia alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anayenunua tikiti maji. Nilijua kwamba sasa kila kitu kingerudi mahali pake.

Hakikurudi. Mkuu wa Shule aliutazama mkanda, akautazama mkono wangu, akasema, "Vizuri umepatikana. Nani aliuficha?"

"Kamati bado..."

"Nyuma ya jukwaa ni hatua chache kutoka chumba cha projekta," Jenerali alisema. "Mwenye funguo ndiye aliyepita."

Mkuu alifikiri. "Jumamosi sinema itaonyeshwa hadi mwisho, kwa kuwa nimeahidi kuitazama. Je, Kiranja, unaweza kuifunga mikanda hiyo kwenye mashine?"

Jenerali alikuwa amejaribu asubuhi ileile. Mashine ilikuwa imemng'ata kidole. "Hapana, Mkuu," alisema kwa shida.

"Basi Volti ataiendesha, kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo shule itatafuta mtu wa kuaminika, na kama hakuna, kuna magodoro."

Volti aliposikia aliniangalia tu, akanipa tabasamu lililochoka. "Angalau umeupata, mdogo wangu. Nitauona mwisho wake." Kisha akaongeza, "Uliwezaje kufikiria kwenye ngoma?"

"Kipaji," nilisema.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha, mablanketi yakiwa migongoni mwao. Mama Bweni alikuwepo, akitazama misumari kwenye shuka lake. Mwalimu wa Hesabu alikaa kiti cha nyuma safari hii. Mimi, kama shujaa, nilipewa kiti cha katikati, Mkuu kulia kwangu, Mwalimu wa Kemia kushoto. Nyuma yetu projekta ilinguruma kwa ile sauti yake ya cherehani, na nilijua bila kugeuka jinsi Volti alivyosimama, mkono mmoja hewani kando ya mkanda, hagusi, yuko tayari tu.

Mikanda mitatu ilipita. Hata waliokwisha kuiona walishika mikono ya jirani zao. Nahodha akasema maneno yake: "Leo tutamjua." Swichi. Mkanda wa nne ukaingia, na hakukuwa na kuku.

Taa kubwa ikawaka. Nesi alisimama mbele ya ukuta, kivuli chake kilitulia. Fundi wa redio, kimya. Mpishi, ambaye nusu ya bweni ilikuwa imeapa ni yeye, alinyanyua mkono, na kivuli kikanyanyua pamoja naye. Manung'uniko yakapita ukumbini. Mpishi aliyekwisha safishwa akaigeuza taa polepole kuelekea kwa mtu wa mwisho. Nahodha alisimama wima kabisa, masharubu yakiwa yametulia, kofia kichwani. Nyuma yake kivuli kilikuwa kikubwa, cheusi, kimesimama wima vilevile. Muziki ukakatika. Hakuna kilichosogea kwenye shuka wala ukumbini.

Nikacheka.

Hakikuwa kicheko kidogo. Kilikuwa kile cha tumboni, kinachotoka puani. Nilijaribu kukimeza, kikarudi na nguvu zaidi. Katika ule ukimya wote, watu zaidi ya mia wakiwa wameshika pumzi, mimi peke yangu nilikuwa nikicheka kwa picha ya mtu aliyesimama tuli.

Kisha, kwenye shuka, kofia ya kivuli ikaanguka. Kivuli kikainama kuiokota, na hapo kila mtu aliona kwamba kivuli hakikuwa cha nahodha hata kidogo. Kilikuwa cha mtu mwingine mnene, aliyewekwa mahali fulani kando ya taa, mwenye tumbo kama mtungi, na alipoinama alikwama. Kofia ya nahodha ilikuwa bado kichwani. Baadaye ndipo nayo ikaanguka, na nahodha mwembamba akainama. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata Mkuu alicheka, kwa sauti nyembamba ambayo hatukujua anayo. Lakini kicheko kilipungua chenyewe, kwa sababu nahodha aliinuka na kuwatazama wenzake, na ilionekana kwamba alijua, na kwamba alikuwa akiwapenda, na kwamba alikuwa ametoka mbali sana na hana pa kurudi. Kushoto kwangu Mwalimu alianza tena kufuta miwani.

Nilijipenyeza kwenye kicheko cha wote kama mwizi kwenye harusi. Nilijiambia kimechanganyika, hakuna aliyesikia. Volti hakusimamisha mkanda. Asingeweza, maana ukiusimamisha taa inauchoma, na yeye asingeuchoma mkanda hata kwa ajili yangu. Nilikaa pale gizani hadi mwisho, nahodha akitoka nje kwenye barafu peke yake, kivuli kikiwa mbele kikimwonyesha njia. Ulikuwa mwisho mzuri sana. Sikuona hata nusu yake mara ya kwanza, nilikuwa na haraka.

Mkanda ukaisha. Kipande cha mwisho kikawa kinapiga tap, tap, tap kwenye gurudumu. Jenerali akashusha blanketi moja na mwanga ukaingia.

"Binamu," Volti alisema kutoka nyuma.

Sikugeuka.

"Wote walicheka kofia ilipoanguka. Wewe ulicheka ikiwa bado kichwani."

Hakuhitaji kusema zaidi. Watu wale wote walikuwa wametoka kufundishwa kwa mikanda minne jinsi ya kumjua mgeni. Nilisikia viti vikigeuka. Sauti ya Volti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe kwamba amekosea.

"Huenda nilikumbuka kitu kingine," nilisema.

"Kitu gani?" aliuliza Mkuu, kwa upole kabisa.

Nilisimama. Kwa mazoea nilipandisha kifua na kusafisha koo. "Kwa heshima na taadhima," nilianza, "Mwenyekiti wa Kamati ya Uchunguzi anapenda kuwatangazia wanafunzi wote, walimu wote..." Nikamwona Volti kando ya mashine, mikono yake mitupu ikiwa inaning'inia, kwa sababu brashi ilikuwa kwa Jenerali. Tangazo likaishia hapo.

"Ni mimi, kaka," nilisema. "Ijumaa uliponipa funguo sikufagia. Yaani nilifagia katikati tu. Niliufunga mkanda wa nne kwenye mashine nikautazama peke yangu, nikashindwa kuvumilia kwamba nimeujua na hakuna wa kucheka naye. Nikauficha kwenye ngoma. Nilitaka nione sura zenu tu, kisha nirudishe kabla ya jioni. Halafu Mkuu wa Shule akainuka, na kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake. Volti hakufanya kitu. Hajawahi kuacha mkebe wazi hata mara moja. Mrudishieni funguo, nami nitayabeba hayo magodoro popote yanapokwenda."

Jenerali alikuwa akihangaika na ukosi wa shati lake, na nilipoangalia vizuri niliona anaitoa funguo shingoni.

"Na kuku?" Mkuu aliuliza.

Nilimtazama Mwalimu wa Hesabu, halafu nikatazama viatu vyangu.

"Na kuku pia ni mimi, Mama."